Kinasa Chako, Ufunguo Wao: Kurekodi Televisheni ya Kulipia kwa Kifaa cha Kujinunulia

Kinasa cha vipindi kilichokuwa kikirekodi kila kitu mjini Boston, kikifika Buruburu, Nairobi, ndani ya sanduku la shemeji aliyekuja likizo, kwa kawaida hakirekodi chochote. Mwenye nyumba hukichomeka, taa ya mbele huwaka ikiwa umeme wa huku haujakiunguza, skrini humwomba aandike msimbo wa posta wa Marekani, na hapo kazi hukwama. Fundi akiitwa hutazama matundu ya nyuma, hubadilisha waya huu na ule, kisha hutoa hukumu kwamba kifaa ni kizima lakini hakipatani na mitambo ya huku. Hukumu hiyo ni ya kweli, ila haimwelezi mwenye kifaa ni kitu gani hasa kisichopatana na kingine, wala haimsaidii kujua kama kinasa kingine atakachonunua Luthuli Avenue kitamfaa zaidi.

Wanunuzi wengi hulichukulia jambo hili kuwa la waya: upi uingie wapi. Waya ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote, na mtu yeyote anayeweza kuunganisha redio na spika zake ataimudu. Swali linaloamua kila kitu ni jingine. Katika safari ya picha kutoka kwenye mtambo wa kampuni hadi kwenye kioo cha televisheni yako, kufuli hufunguliwa wapi, na ufunguo anao nani?

Chaneli ya kulipia, iwe inakuja kwa dishi kama DStv, kwa antena ya nchi kavu kama GOtv, au kwa waya unaoingia ndani ya nyumba kama ule wa Zuku, hutumwa ikiwa imebanwa ili ipunguze nafasi na kuvurugwa kwa hesabu ili asiyelipa asiione. Namba inayotumika kuivuruga hubadilika kila baada ya sekunde chache, na namba hizo husafiri ndani ya mawimbi yaleyale, zenyewe zikiwa zimefungwa. Kadi iliyo ndani ya king'amuzi, au kipande cha kielektroniki kinachofanya kazi ya kadi hiyo, ndiyo inayozifungua, tena baada tu ya kupokea ruhusa kutoka kwa kampuni kwamba kifurushi chako kimelipiwa. Ndiyo maana ukilipa kwa simu huambiwa uache king'amuzi kikiwa kimewaka: ruhusa huja hewani au kwa waya, na kisanduku kilichozimwa hakiwezi kuipokea.

Kwa hiyo kinasa cha kujinunulia kinaweza kukaa mahali patatu tu. Kinaweza kukaa kabla ya kufuli, ambapo kitanasa mawimbi yaliyovurugwa yasiyo na maana kwa mtu yeyote, isipokuwa kama chaneli yenyewe haikufungwa tangu mwanzo. Kinaweza kukaa kwenye kufuli lenyewe, yaani kampuni ikubali kukipa kadi yake. Au kinaweza kukaa baada ya kufuli, kikipokea picha ambayo king'amuzi cha kampuni kimekwisha kuifungua. Kila mahali pana masharti yake, na mengi ya malalamiko ninayoyasikia kuhusu vinasa hutokana na mtu kununua kifaa cha mahali pamoja na kutaka kukitumia mahali pengine.

Mahali pa pili, penye kadi, ndipo Marekani ilipojaribu kufanya jambo ambalo nchi chache zimewahi kulijaribu kwa uzito huo. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1996 iliitaka Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ihakikishe kwamba mteja wa televisheni ya waya anaweza kununua king'amuzi dukani badala ya kulazimika kukikodi kwa kampuni iliyomletea waya. Miaka michache baadaye ikazaliwa kadi iitwayo CableCARD, kijikadi cha chuma chenye umbo kama la kadi za kompyuta za mapajani za zamani, ambacho kampuni ya waya ililazimika kumpa mteja aliyekuja na kifaa chake. Kuanzia tarehe 1 Julai 2007, kampuni hizo zilitakiwa pia kutumia kadi hiyohiyo ndani ya ving'amuzi vyao vipya walivyovikodisha. Sharti hilo huenda likaonekana la ajabu, lakini lilikuwa na hekima yake: kampuni inayotumia kadi hiyo katika mamilioni ya visanduku vyake haiwezi kuiacha ioze kwa mteja mmoja mmoja.

TiVo, ambayo ilianza kuuza vinasa vyake mwaka 1999, ilifaidika na utaratibu huo kuliko karibu kampuni nyingine yoyote. Vinasa vyake vya kwanza viliwekwa baada ya kufuli na vilirekodi picha iliyotoka kwenye king'amuzi cha kampuni. Kuanzia mwaka 2006, kizazi chake cha tatu kilikuwa na nafasi ya kuchomeka kadi na kikaweza kukiondoa kabisa kisanduku cha kukodi. Mteja alichukua kadi kwa kampuni yake ya waya, akaichomeka, kisha skrini ikamwonyesha namba za kadi na namba za kinasa. Alipiga simu, akamsomea mhudumu namba hizo moja baada ya nyingine, na mhudumu akazifunga pamoja kwenye kompyuta ya kampuni ili kadi ile isifanye kazi katika kinasa kingine. Namba moja ikikosewa, chaneli za bure zilionekana na za kulipia zikabaki giza, na mteja angeweza kushinda siku nzima akilaumu antena, waya au kinasa, ilhali kosa lilikuwa tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi.

Hata namba zikiwa sahihi, kulikuwa na tatizo la pili, ambalo kwangu ndilo linaloonyesha vyema jinsi kifaa cha nje kinavyobaki mgeni katika nyumba ya mtu. Kampuni kadhaa za waya, ili kubana matumizi ya nafasi, ziliacha kutuma chaneli zote wakati wote. Chaneli zisizo na watazamaji wengi zilitumwa mtaani pale tu mtu mmoja alipoziomba. Kisanduku cha kampuni kiliweza kutuma ombi hilo kupitia waya uleule. Kinasa cha kujinunulia kilikuwa na masikio bila kinywa: kilisikia, lakini hakikuweza kuomba. Ikabidi kampuni zitoe kisanduku kingine kidogo, kilichounganishwa na kinasa kwa waya wa USB na kwa waya wa televisheni kupitia splita, yaani kigawanyo cha waya, ambacho kazi yake ilikuwa kumwombea mgeni chaneli. Mteja aliyenunua kinasa ili aepuke kisanduku cha kampuni akajikuta na kisanduku cha kampuni.

Utaratibu huo ulidhoofika hatua kwa hatua. Sharti la kampuni kutumia kadi hiyo katika vifaa vyao wenyewe liliondolewa kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2014 na kuanza kutumika mwishoni mwa mwaka uliofuata, na mwaka 2020 FCC ikafuta kanuni zilizobaki kuhusu kadi hizo. Ulaya ilichagua njia inayofanana, ya kipande kinachochomekwa ubavuni mwa televisheni na kushika kadi ya kampuni, na huko kipande hicho bado kinatumika katika baadhi ya nchi. Televisheni nyingi zinazouzwa Nairobi zina tundu lake, pana na jembamba, ambalo wenye nyumba huliona kila wanapofuta vumbi bila kujua ni la nini. Hapa kwetu kampuni huuza king'amuzi chake, kadi yake huishi humo, na mambo huishia hapo.

Sasa kifaa cha Boston kinaweza kuelezwa kwa ukamilifu. Kadi kinachoisubiri haitolewi hapa. Chaneli za televisheni za Marekani zimepangwa kwa upana wa megahezi 6, za Kenya kwa megahezi 8. Kipokezi chake cha antena kinatarajia ATSC, mfumo wa utangazaji wa kidijitali wa Marekani, wakati Kenya ilichagua mfumo mwingine, DVB-T2. Orodha yake ya vipindi huja kwa intaneti kutoka kwa kampuni iliyoitayarisha kwa miji ya Marekani, na bila orodha hiyo kinasa cha aina hii hakijui kuna kipindi gani cha kurekodi. Umeme wenyewe ni volti 240 na hezi 50 badala ya volti 120 na hezi 60, na hili ndilo tatizo dogo kuliko yote kwa kuwa adapta mpya nyingi hukubali zote mbili. Soma maandishi madogo kwenye adapta kabla ya kuichomeka, si baada ya kusikia harufu.

Mahali pa tatu, baada ya kufuli, ndipo watu wengi wa Nairobi hujaribu bahati yao, kwa sababu panaonekana rahisi. Picha imekwisha kufunguliwa, imebaki kuinasa. Kwa waya wa HDMI jambo hilo limezibwa kwa makusudi, kwani king'amuzi na televisheni husalimiana kwa siri kupitia ulinzi unaoitwa HDCP, na kifaa kisichojua salamu hiyo hupewa skrini nyeusi au ujumbe wa kosa. Kwa nyaya tatu za rangi, nyekundu, nyeupe na manjano, ving'amuzi vingi vya zamani hutoa picha isiyo na ulinzi huo wa salamu, na kinasa cha DVD au kijikifaa cha kunasia video kwenye kompyuta kitaipokea. Lakini picha hiyo ni ya ubora wa kawaida hata kama chaneli ni ya ubora wa juu, na kinasa huweza kurekodi chaneli moja tu kwa wakati mmoja: ile ambayo king'amuzi kimewekwa. Mtoto akishika rimoti na kuhamia katuni katikati ya mechi, kinasa kitaendelea kwa uaminifu kurekodi katuni.

Vinasa vizuri vya aina hiyo huja na waya mwembamba wenye taa ya rimoti mwishoni, unaobandikwa mbele ya king'amuzi, ili kinasa kibadilishe chaneli chenyewe saa ikifika. Ukibandika taa hiyo kando kidogo tu ya jicho la king'amuzi, itaituma tarakimu moja kati ya tatu, na utarekodi saa mbili za mahubiri badala ya tamthilia. Kuna jambo jingine linalowaponyoka watu: king'amuzi kingi hujilaza chenyewe baada ya saa kadhaa bila kuguswa rimoti. Kinasa huamka, king'amuzi kimelala, na asubuhi kuna faili kubwa yenye picha nyeusi mwanzo hadi mwisho. Zima mpangilio huo wa kujilaza kwenye menyu kabla ya kulaumu chochote kingine.

Kuhusu sheria nitasema kwa kifupi. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1984, katika kesi ya kampuni za Sony na Universal, kwamba mtu kurekodi kipindi nyumbani ili akitazame baadaye si wizi. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, ambayo inatambua matumizi ya haki kwa ajili ya mtu binafsi, lakini inakataza kuvunja vizuizi vya kitaalamu vinavyolinda kazi ya mwingine. Ndiyo kusema kurekodi taarifa ya habari ili uione ukirudi kazini ni jambo moja, na kununua kifaa cha kudanganya HDCP, au kuuza nakala za mechi kwa kila anayetaka, ni jambo lingine kabisa.

Anayetaka kurekodi chaneli za kulipia kwa ubora wake kamili atalazimika kukubali kinasa cha kampuni yenyewe. DStv ilileta Explora yake mwaka 2013, king'amuzi chenye diski ndani, na kwa upande wa utumiaji hakuna kifaa cha nje kitakachokishinda, kwa sababu hakihitaji kumwomba mtu ruhusa. Chenyewe ni mwenye nyumba. Gharama yake ni kwamba alichorekodi mtu si mali anayoweza kuihamisha. Rekodi hubaki imefungwa kwenye diski kwa ufunguo wa kisanduku hicho, na diski ikichomolewa na kuwekwa kwenye kompyuta, kompyuta itaona takataka. King'amuzi kikifa, maktaba yake hufa nacho.

Linabaki lile kundi ambalo kwa maoni yangu wakazi wa Nairobi wanalidharau bila sababu: chaneli ambazo hazikufungwa. Kenya ilipozima mitambo ya analogi mwaka 2015, mwaka ambao Shirika la Kimataifa la Mawasiliano lilikuwa limeweka tarehe 17 Juni kuwa mwisho kwa nchi za ukanda wetu, vituo vikubwa vya habari vilihamia kwenye DVB-T2 na kubaki vya bure kwa yeyote mwenye antena na king'amuzi kinachofaa. Hapa hakuna kufuli, kwa hiyo kinasa cha kujinunulia kina haki sawa na kifaa kingine chochote. King'amuzi cha chaneli za bure cha bei nafuu kabisa, kile cha kisanduku cheusi chenye ukubwa wa kitabu cha mazoezi, mara nyingi kina tundu la USB na uwezo wa kurekodi ambao mwenyewe hajawahi kuufungua. Televisheni nyingi zenye kipokezi cha DVB-T2 ndani zina uwezo huohuo, ingawa televisheni hupenda kufunga rekodi zake kwa ufunguo wake yenyewe, hata za chaneli za bure.

Kazi ya kwanza ni antena. Mawimbi ya Nairobi hutoka zaidi upande wa Limuru, ambako mitambo imewekwa juu ya miinuko, na antena ya nje iliyoelekezwa huko hushinda ile ya ndani iliyobandikwa dirishani, hasa katika nyumba za ghorofa zilizozibwa na ghorofa nyingine. Usitazame kipimo cha nguvu peke yake. Kipimo cha ubora ndicho kinachokwambia kama rekodi itakuwa safi. Picha ya moja kwa moja ikikatika kwa nusu sekunde unaisamehe, lakini rekodi yenye mikatiko hiyo huweza kugoma kusonga mbele kabisa.

Kisha diski. Chaneli ya ubora wa kawaida inayotumia megabiti 3 kwa sekunde huchukua takriban gigabaiti 1.35 kwa saa, na ya ubora wa juu yenye megabiti 8 huchukua gigabaiti 3.6. Fulashi ya gigabaiti 64 inatosha basi saa nyingi za habari na mechi. Hata hivyo fulashi nyingi huuzwa zikiwa zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao hauruhusu faili moja kuzidi gigabaiti 4. Mechi ya saa mbili kwa ubora wa juu ni zaidi ya gigabaiti 7. Ving'amuzi vyenye akili huikata vipande viwili, na visivyo na akili huacha kurekodi kipindi cha pili kimya kimya, jambo ambalo utaligundua matokeo yakiwa bado ni sare tasa. Kama king'amuzi chako kinakubali NTFS, panga diski upya kwa mfumo huo. Ukitumia diski kubwa ya kuzunguka badala ya fulashi, kumbuka kwamba tundu la kawaida la USB 2 limekusudiwa kutoa miliampea 500 tu. Diski inayotoa mlio wa kugonga na kupotea kwenye menyu huenda haijaharibika, bali ina njaa ya umeme, na ikiwa ni hivyo hutulia ikipewa adapta yake.

Mwenye kompyuta ya zamani anaweza kwenda mbali zaidi. Kipokezi cha DVB-T2 cha USB na programu ya bure iitwayo Tvheadend hugeuza mashine hiyo kuwa kinasa cha nyumba nzima, kinachotazamwa kwenye simu au televisheni kupitia Wi-Fi ya nyumbani. Hapa pana faida ambayo wauzaji hawaitaji. Chaneli za kidijitali hazisafiri moja moja. Hufungwa nyingi pamoja katika masafa mamoja, kama abiria wa matatu moja, na kipokezi kinachoshika masafa hayo kimewashika abiria wote. Kipokezi kimoja huweza basi kurekodi chaneli tatu au nne kwa wakati mmoja, mradi zote ziko kwenye masafa hayohayo. Vipokezi viwili huhitajika pale tu unapotaka chaneli zilizopanda magari tofauti. Kwa kompyuta kama hiyo, kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme ni lazima, kwa sababu stima ikipotea sekunde moja, rekodi iliyokuwa ikiandikwa huweza kupotea yote.

Imebaki saa, na saa imewaangusha watu wengi kuliko antena. King'amuzi kinataka saa za eneo, ambazo kwetu ni tatu mbele ya saa za Greenwich, na kinahesabu siku kuanzia usiku wa manane. Sisi tunahesabu kuanzia machweo na mapambazuko. Mzee anayesema kwamba taarifa ya Kiswahili ni saa moja usiku amesema kweli, lakini akiandika 1:00 kwenye kinasa atarekodi kipindi cha saa saba ya usiku. Andika 19:00, ongeza dakika tano mbele na kumi nyuma kwa kuwa vituo vyetu havina ugomvi na ucheleweshaji, na uwache king'amuzi katika hali ya kulala badala ya kukizima ukutani.

Kabla ya kukitegemea kifaa chochote kwa fainali, fanya jaribio hili jioni ya leo. Rekodi dakika tano za habari, zima king'amuzi, chomoa fulashi uichomeke kwenye kompyuta. Ukikuta faili yenye herufi za TS mwishoni na ikafunguka kwenye VLC, programu ya kuchezea video, rekodi ni yako na itakufuata kokote. Ukikuta faili isiyofunguka popote isipokuwa kwenye kisanduku kilichoiandika, umejua sasa ufunguo anao nani, na bado hujapita muda wa kumrudishia muuzaji kifaa chake.